Chenji ya Rada: Siri ya Jeshi Inamlinda Nani?

(Hii ni mada niliyoitoa kwenye semina ya vijana wa chama. Wengi mliomba niiweke hapa. Nimeiacha kama nilivyoizungumza, nimepunguza salamu tu.)



Nimepewa mada ya manunuzi ya jeshi, na naona wengine mmeshaanza kuangalia mlangoni nani ameingia. Ndivyo tulivyolelewa. Hapa kwetu ukitaja jeshi watu wanashusha sauti. Sasa leo tusishushe sauti, kwa sababu ninachotaka kuzungumza siyo mahali silaha zilipo, wala idadi ya askari, wala mipango ya vita. Hayo siyajui na sina haja ya kuyajua. Nazungumzia bei. Nazungumzia ile karatasi inayosainiwa ofisini, na mtu anayesimama katikati ya muuzaji na mnunuzi akisubiri mgao wake.

Na niliseme mapema ili mtu asije akanilisha maneno: sina ugomvi na mwanajeshi wa JWTZ. Wengi wetu humu tuna mjomba, kaka au shemeji aliyevaa yale magwanda. Mtu anayeinunulia nchi kitu kibovu kwa bei ya kuruka anamwibia mwanajeshi kwanza, mimi na wewe tunafuata.

Tuanze na rada.

Wengi wenu humu mna umri kama wangu, ishirini na kidogo. Dili la rada lilipikwa kabla hatujazaliwa. Serikali yetu ilikubali kununua mfumo wa rada kutoka BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28, sawa na kama dola milioni 40 za wakati ule. Pesa yenyewe hatukuwa nayo, ikatafutwa kwa mkopo wa benki ya Barclays. Novemba 2001 Tanzania ilikuwa imetoka kufuzu mpango wa kusamehewa madeni kwa nchi maskini zenye mzigo mkubwa wa madeni. Desemba 2001, mwezi mmoja baadaye, Uingereza ikatoa kibali cha kutuuzia rada ya mkopo. Yaani mtu kakusamehe deni dukani leo, kesho unarudi kukopa televisheni.

Huko huko kwa muuzaji, baraza la mawaziri liligawanyika. Waziri wao wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, alipinga waziwazi. Waziri Mkuu Tony Blair akaunga mkono, kibali kikatoka. Benki ya Dunia ikaomba wataalamu wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, wauangalie mfumo wenyewe. Wakasema ni ghali mno, na kwa matumizi ya ndege za kiraia haukuwa unafaa kama ilivyodaiwa. Ulikuwa mfumo wa kijeshi zaidi. Sisi tulikuwa tunaambiwa ni kwa ajili ya kuongoza ndege na kukuza utalii.

Sasa sikilizeni sehemu inayouma. Kesi ya mambo haya ilikuja kusikilizwa London, siyo Kisutu. Desemba 2010, katika mahakama ya Southwark, BAE walikiri kosa moja: kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu. Makamanda, kosa la daftari! Katika hukumu ile ndipo ilipowekwa wazi kwamba zaidi ya dola milioni 12 zililipwa kwa kampuni za wakala mmoja. Piga hesabu mwenyewe: katika kila shilingi 100 ya bei ya rada, karibu shilingi 30 zilipita kwa wakala, sehemu kubwa kupitia kampuni iliyosajiliwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Jaji Bean hakuficha kwamba hakubaliani na hadithi ya kuwa yule alikuwa mshawishi tu anayelipwa vizuri. Lakini mikono yake ilikuwa imefungwa, kwa sababu waendesha mashtaka walishapatana na kampuni. Akawapiga faini ya pauni 500,000. Kilichobaki katika zile pauni milioni 30 za makubaliano, yaani pauni milioni 29.5, kikaja kwetu mwaka 2012.

Watanzania kwa utani wetu tukaiita chenji ya rada. Zaidi ya shilingi bilioni 70, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Mimi nilikuwa shule ya msingi miaka hiyo. Tulikuwa tunakaa wanne kwenye dawati la watu wawili na kitabu kimoja cha Sayansi tunakipokezana. Leo nikiwa mwaka wa tatu wa sheria ndiyo najiuliza: kumbe pesa ya dawati langu ilikuwepo tangu mwanzo? Ilizunguka kwanza Uingereza na Uswisi, ikapumzika kwenye akaunti za watu, halafu ikaja kwetu kama hisani.

Na hapa nyumbani? Aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kipindi mkataba ule ukishughulikiwa, Andrew Chenge, alijiuzulu uwaziri Aprili 2008 baada ya kuibuka habari za dola milioni 1 kwenye akaunti katika kisiwa cha Jersey. Mnakumbuka neno lake: vijisenti. Alikana kwamba zilihusiana na rada, na hakushtakiwa kwa rada. Tuwe waungwana, tuseme hivyo hivyo ilivyo, maana sisi tunaosoma sheria tunafundishwa kuwa mtu hana hatia mpaka mahakama iseme. Ila mahakama itasemaje kama kesi haijafika? Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani Tanzania kwa ajili ya zile dola milioni 12.

Miaka ile ile tulinunua na ndege ya Rais aina ya Gulfstream, takriban dola milioni 40 nyingine. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Basil Mramba, alinukuliwa na vyombo vya habari akisema hata kama wananchi watakula nyasi, ndege itanunuliwa. Wazee wetu hawakuisahau kauli ile. Sitaki kuirudia sana, nataka tu muone mtindo. Uamuzi unafanyika kwanza, sababu zinatafutwa baadaye, na ukiuliza unaambiwa huipendi nchi yako.

Ndiyo tunafika kwenye neno lenyewe: siri.

Kila ukiuliza bei ya gari la deraya, helikopta au ndege ya kivita, jibu ni "masuala ya usalama wa taifa". Haya, tulichambue hilo jibu. Siri dhidi ya nani?

Dhidi ya adui? Kwenye sherehe za Uhuru na Muungano, zana zetu zinapita mbele ya jukwaa kuu, mabalozi wa nchi zote wamekaa mstari wa mbele na runinga inarusha moja kwa moja. Kifaru kikipita mbele ya balozi siyo siri, bei yake ndiyo siri. Taasisi ya SIPRI ya Sweden kila mwaka inachapisha nani kamuuzia nani silaha nzito. Umoja wa Mataifa una rejista ya silaha za kawaida tangu miaka ya 1990, nchi zinaripoti zenyewe. Na nchi ikitaka kununua kupitia serikali ya Marekani, biashara kubwa inapelekwa kwenye Bunge lao na tangazo linawekwa hadharani. Majirani zetu Kenya, Januari 2017, walitaka ndege 12 aina ya Air Tractor za kushambulia. Idadi, aina, na makadirio ya dola milioni 418, vyote vikatangazwa Washington. Mbunge mmoja wa huko akahoji bei, akisema kuna kampuni ya jimboni kwake ingeuza kwa nafuu. Biashara ile haikukamilika. Nauliza tu: mbunge wa North Carolina alikuwa na haki ya kujua bei ya ndege za Kenya, mlipa kodi wa Kisumu hana?

Kwa hiyo adui anajua, muuzaji anajua, wakala anajua mpaka senti. Asiyejua ni mmoja tu, anayelipa.

Sasa kwa nini upigaji unapenda sana sekta hii? Kwanza wauzaji ni wachache, huwezi kwenda Kariakoo kulinganisha bei ya rada. Pili, sifa za kitaalamu zinaweza kuandikwa kwa namna ambayo kampuni moja tu duniani inafaa, na raia wa kawaida hawezi kuhoji kwa sababu haelewi. Tatu, mkopo unadhaminiwa na serikali, muuzaji hana wasiwasi, atalipwa hata nyie mkila nyasi. Nne, mzigo mmoja ni mkubwa, asilimia kidogo tu ya kamisheni inamjengea mtu ghorofa.

Na bei ya kununua huwa ni mlango tu. Ukishaingia ndani kuna vipuri, mafuta, mafunzo ya marubani, mafundi na mikataba ya matengenezo ya miaka. Waulize Afrika Kusini. Mwaka 1999 walisaini manunuzi makubwa ya silaha, ndani yake ndege za kivita za Gripen kutoka Sweden. Skendo ya mkataba ule imewatafuna zaidi ya miaka ishirini. Mshauri wa fedha wa Jacob Zuma, Schabir Shaik, alihukumiwa mwaka 2005. Tume iliyoundwa baadaye ikasafisha kila mtu, mahakama ikaja kuitupa ripoti yake mwaka 2019. Na ndege zenyewe? Mwaka 2021 zikakaa chini zote kwa miezi kadhaa kwa kukosa mkataba wa matengenezo. Nchi tajiri kuliko sisi, ilikuwa na ndege za kisasa, na hakuna hata moja iliyokuwa ikiruka.

Uganda nao wamepita humo humo. Mwaka 1998 walinunua helikopta za Mi-24 kutoka Belarus, zilipofika ikaonekana ni mabovu. Ikaundwa tume chini ya Jaji Julia Sebutinde, yule ambaye sasa yuko Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Mwaka 2011 serikali yao ikachota dola milioni 740 kwenye akiba ya Benki Kuu kununua ndege za Sukhoi na vifaa vingine, Bunge likaletewa idhini pesa imeshatoka. Nawataja majirani ili mjue ugonjwa huu hauna bendera. Unaingia popote ambapo anayelipa hana ruhusa ya kuuliza.

Turudi nyumbani, kwenye sheria, maana ndicho kilichonileta hapa.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Ibara ya 27 inatupa wajibu, narudia, wajibu, wa kulinda mali ya mamlaka ya nchi. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali kwa niaba yetu. Ibara ya 143 inamweka CAG. Kwa maandishi tuko vizuri kabisa.

Shida inaanza chini ya Katiba. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011 ilisema vyombo vya ulinzi na usalama navyo vifuate sheria, kwa orodha mbili: ya vitu vinavyonunuliwa kwa ushindani wa wazi na ya vitu vyenye masharti. Wazo zuri. Lakini nani analinda mpaka kati ya orodha hizo? Kombora liwe la siri, sawa. Lori la kubebea askari je? Tairi? Sare? Unga wa sembe? Ripoti ya CAG ya mwaka 2017/18 ilikuta Jeshi la Polisi limelipa zaidi ya shilingi bilioni 16 za sare bila ushahidi kwamba sare zenyewe zilipokelewa. Shati na suruali, makamanda! Mwaka 2023 Bunge limetunga sheria mpya ya ununuzi, na swali langu kwake ni hilo hilo: mpaka uko wapi na nani anaulinda?

Halafu Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 ikaja na msamaha kwa taarifa za ulinzi na usalama. Na mwaka 2020 Bunge likarekebisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, likamtaka anayefungua kesi ya kikatiba aape kuonesha yeye binafsi ameathirika vipi. Tafsiri kwa lugha ya kijiweni ilikuwa: ukitaka kuipinga rada mahakamani, njoo na jeraha lako. Mimi jeraha langu ni dawati. Hakimu atalipima kwa rula gani? Ndiyo maana watetezi wa haki walikwenda mahakamani kuyapinga marekebisho yale.

Mtu ataniambia rada ni hadithi za enzi za Mkapa, tumeshajifunza. Kweli? Januari 2020 Rais Magufuli alimwondoa Waziri wa Mambo ya Ndani, Kangi Lugola, hadharani, na Kamishna Jenerali wa Zimamoto akaachia ngazi. Sababu ilikuwa makubaliano ya zaidi ya euro milioni 400 na kampuni ya nje, ya magari na vifaa vya zimamoto, ambayo kwa maelezo ya Rais mwenyewe hayakuwa kwenye bajeti wala hayakupitishwa na Bunge. Hiyo ni zaidi ya shilingi trilioni moja. Tuliokolewa na nini? Na mtu mmoja kukasirika. Asingekasirika je? Nchi haiwezi kutegemea hasira za mtu. Hasira zinaondoka na mwenye nazo, inayobaki ni sheria.

Na mwisho wa yote kuna binadamu. Desemba 7, 2017, kambi ya walinda amani wetu ilishambuliwa Semuliki, mashariki mwa Kongo. Wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulitaja, kati ya mapungufu ya misheni ile, kukosekana kwa msaada wa ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia. Ile ilikuwa misheni ya UN, sisemi kwamba mkataba fulani wa kwetu ndiyo uliwaua. Ninachosema ni hiki: pale ndipo unapoona ndege kufika au kutofika ina maana gani. Kamisheni ya dola milioni 12 ingeweza kuwa nini kwa kijana aliye porini saa mbili usiku, anapigwa na anaita msaada? Wanaosema tukiuliza bei tunalidhoofisha jeshi wamegeuza mambo juu chini.

Kwa hiyo tudai nini? Nimeandika matano.

Moja. Kila mkataba mkubwa wa zana upelekwe kwenye kamati ya Bunge ya ulinzi kabla ya kusainiwa, kikao cha ndani sawa, milango ifungwe sawa, lakini bei, mkopo na gharama za matengenezo ziwe mezani.

Mbili. Wakala atajwe kwa jina, pamoja na wamiliki halisi wa kampuni yake na kiwango anacholipwa. Asiyetaka kutajwa asifanye biashara na nchi yetu.

Tatu. Orodha ya siri iwe fupi. Magari ya kawaida, sare, chakula, matairi na majengo viende kwenye ushindani wa wazi kama vya wizara nyingine.

Nne. CAG akague vyote, na sisi wananchi tupewe japo jumla: tulinunua kwa kiasi gani, na kama kilicholipiwa kilifika.

Tano. Mlango wa mahakama uwe wazi kwa raia yeyote kwenye mali ya umma, bila kuombwa jeraha.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalomwambia adui chochote.

Na sisi vijana tuna kazi. Kila mwaka hotuba ya bajeti ya Wizara ya Ulinzi na JKT inasomwa bungeni. Isome. Ripoti ya CAG ikitoka, usisubiri mtu akukatie vipande vitatu vya kwenye mitandao, pakua mwenyewe, tafuta neno "ulinzi". Soma Hansard uone mbunge wako aliuliza au alipiga makofi. Na tafadhali sana, nasema kama dada yenu: ukiletewa nyaraka yenye muhuri wa siri, usiirushe kwenye grupu la WhatsApp. Usipige picha kambi. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haina utani, na wapo wanaosubiri mmoja wetu ateleze ili waseme sisi ni wasaliti. Hatuhitaji nyaraka za wizi. Yaliyo wazi peke yake yanatosha kuwauliza maswali mpaka watoe jasho.

Tukiwa madarakani tutashawishika vilevile, tusidanganyane. Neno "siri" ni tamu kwa yeyote anayekaa kwenye kiti. Ndiyo maana nataka haya matano yawe sheria, yatubane na sisi siku yetu ikifika. Atakayekuwa waziri wetu wa ulinzi, kama yuko humu ndani leo, ajue kwamba nitamuuliza bei.